Wimbo Wako Umetumika Bila Ruhusa: Kudai Haki Nairobi, Kuanzia Ushahidi Hadi Mahakamani

Tangazo la unga limeanza kuonyeshwa saa mbili usiku, na nyuma ya mama anayesukuma chapati kinasikika kiitikio chako. Simu zinaingia moja baada ya nyingine. Wengi hapo hufungua TikTok na kuanza kulalamika, na tayari wameshapoteza nusu ya kesi. Aliyetumia wimbo akisikia kelele atalitoa tangazo usiku uo huo, na wakili wake atakapouliza "tangazo lipi?" hutakuwa na cha kumwonyesha.

Mwongozo huu unafuata mfano huo wa tangazo, ingawa mengi yaliyomo yanamhusu pia mchoraji, mpigapicha na mtengeneza filamu. Mashauri ya namna hii huharibikia hasa mahali pawili: mdai anadai haki ambayo si yake, au haki ni yake lakini amebisha mlango usio wake.

Kwanza, ni haki ipi iliyoguswa?

Wimbo mmoja uliorekodiwa una tabaka tatu. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia. Kuna rekodi, yaani sauti yenyewe iliyotoka studio. Halafu kuna haki za waliotumbuiza ndani yake: mwimbaji mgeni, mpiga gitaa, kwaya ya nyuma. Tabaka hizi zinaweza kuwa na wenyewe watatu tofauti, na ruhusa ya mmoja haimfungi mwingine. Mtu akiuimba upya wimbo wako kwa sauti yake na kuutia kwenye tangazo, amegusa utunzi tu. Akichukua sauti yako kama ilivyo, amegusa zote.

Matumizi nayo yana milango yake. Baa, hoteli, matatu na redio zikipiga muziki, huo ni utumbuizaji wa hadharani na utangazaji, na leseni yake hupitia vyama vya kukusanya mirabaha vilivyoidhinishwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Majina yaliyozoeleka ni MCSK kwa watunzi na wachapishaji, KAMP kwa wenye rekodi na PRISK kwa watumbuizaji, lakini idhini hutolewa kwa muda na migogoro haijaisha, kwa hiyo tazama orodha ya KECOBO ya mwaka husika kabla ya kumlipa au kumdai yeyote. Kuubandika wimbo chini ya picha za video, iwe tangazo, filamu au klipu ya kampeni, ni jambo jingine kabisa. Watu wa muziki huliita sinki, na ruhusa yake hutoka kwa mwenye utunzi na mwenye rekodi moja kwa moja.

Tofauti hiyo ilijadiliwa nchi nzima Mei 2022, wakati Sauti Sol walipolalamika kwamba wimbo wao "Extravaganza" ulitumika kwenye video ya kampeni ya muungano wa kisiasa wa Azimio bila idhini yao. Tangu hapo kila meneja wa ukumbi anajua kusema "sisi tuna leseni". Muulize ni leseni ya nini. Karatasi ya chama cha mirabaha iliyobandikwa ukutani inaruhusu muziki kupigwa ukumbini. Hairuhusu ukumbi huo kuutumia wimbo kwenye tangazo lake la Instagramu.

Kuna vitu ambavyo hakimiliki haivilindi hata kidogo. Wazo la kipindi cha televisheni halilindwi, kinacholindwa ni hati uliyoandika. Mtindo wa mdundo au mpangilio wa kodi za muziki (chords) unaosikika katika nyimbo mia hauna mwenyewe. Jina la bendi au la tamasha ni suala la alama ya biashara, na ofisi yake ni KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo, South C, wala si KECOBO. Ukisajili jina huko, ulinzi hudumu miaka 10 na huhuishwa, na maombi yakishatangazwa mwenye pingamizi ana siku 60 za kulitoa. Katika madaraja ya bidhaa na huduma ya alama za biashara, burudani huingia daraja la 41. Na ukiwa umechukua wimbo wa jadi wa jamii fulani na kuutia biti, kumbuka kuna sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Huenda wewe ndiye utakayeulizwa ruhusa iko wapi.

Pili, je, haki hiyo ni yako kweli?

Hapa ndipo panapouma, na ndipo wakili wa upande wa pili atakapoanzia.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki kazi inapoandikwa au kurekodiwa tu, bila kungoja usajili. Lakini kifungu cha 31 kina mtego. Kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, au imefanywa na mwajiriwa kazini, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pana makubaliano yanayosema vingine. Chukua mchoraji wa nganya, yaani matatu iliyorembwa. Mwenye gari amemwita gereji, wamekubaliana bei, amechora ubavu mzima kwa wiki mbili. Hakuna karatasi, kuna ujumbe wa M-Pesa tu. Miezi sita baadaye mchoro uko kwenye fulana zinazouzwa mjini. Wachoraji wengi huamini mchoro ni wao kwa kuwa mkono ni wao. Kwa kukosa sentensi moja ya maandishi, mwenye gari ndiye atakayekuwa na hoja nzito. Sentensi yenyewe hata kwenye WhatsApp inafaa kuliko kutokuwapo: "Nakuchorea gari, hakimiliki ya mchoro inabaki kwangu, wewe unaruhusiwa kuutumia kwenye gari hili pekee." Pata jibu la "sawa".

Kuna jambo la pili kuhusu michoro ambalo huwashangaza wengi. Sheria yetu inaruhusu kazi ya sanaa iliyo mahali inapoonekana na umma kunakiliwa na kuingizwa kwenye filamu au matangazo ya televisheni. Mwenye mural kwenye ukuta wa barabarani asianze kuandika barua za vitisho kabla wakili hajapima kama matumizi yale yameangukia humo.

Kwenye rekodi za sauti, sheria inamtambua kama mwandishi wa rekodi yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Haisemi prodyusa, haisemi mwimbaji. Ukilipia saa za studio, ukaleta wapigaji na kusimamia kazi, una hoja ya kwamba rekodi ni yako. Prodyusa aliyekurekodia bure kwa ahadi ya asilimia, studio yake, umeme wake, wapigaji wake, naye ana hoja, pengine bora kuliko yako. Ndiyo maana kila kipindi cha studio kinahitaji karatasi ya mgao kabla watu hawajaondoka: jina la wimbo, tarehe, nani ana asilimia ngapi ya utunzi, nani ana asilimia ngapi ya rekodi, nambari za vitambulisho, sahihi. Asilimia za utunzi zijumlishe 100, na za rekodi zijumlishe 100 peke yake. Kosa la kila siku ni kuandika "prodyusa 30" bila kusema 30 ya nini.

Kama uliwahi kutia sahihi na lebo, msambazaji au chama, tafuta hati hiyo leo. Uhamisho wa hakimiliki na leseni ya kipekee havina nguvu bila maandishi yenye sahihi ya anayetoa haki, kwa hiyo lebo inayodai "tulikubaliana kwa mdomo" ina tatizo. Lakini ukitia sahihi na kusahau, tatizo ni lako. Wanachama wengi wa vyama vya mirabaha walikabidhi haki ya utumbuizaji walipojiunga na hawakumbuki. Leseni isiyo ya kipekee ni tofauti: yaweza kuwa ya mdomo, hata kudhihirika kwa mwenendo. Ulimwambia rafiki "tumia tu" na akatumia? Hiyo ni leseni.

Tatu, ushahidi, kabla hujamwambia mtu

Una saa chache. Fanya hivi kwa mpangilio.

Rekodi skrini ya simu au kompyuta ukianzia nje: fungua kivinjari, onyesha tarehe na saa, andika anwani ya ukurasa, ingia, cheza video nzima mpaka mwisho, shuka chini hadi idadi ya watazamaji na maoni. Picha ya skrini moja iliyokatwa vizuri haina maana kubwa, kwa sababu haionyeshi imetoka wapi. Nakili anwani kamili ya kila chapisho. Kama ni televisheni, andika kituo, tarehe, dakika na kipindi, na umwombe mtu mwingine arekodi kutoka nyumba nyingine. Mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja.

Kisha linganisha kwa sekunde. Andika jedwali dogo: kwenye tangazo, sekunde ya 8 hadi ya 33, kwenye wimbo wako, 0:52 hadi 1:17, kilichochukuliwa, kiitikio kizima, sauti ya rekodi ileile. "Wameniibia wimbo" ni malalamiko. Jedwali hilo ndilo linaloyageuza kuwa madai.

Ushahidi wa kwamba kazi ni yako uko kwenye vitu usivyovithamini: faili la mradi la programu ya kurekodia lenye njia zote za sauti na tarehe zake, rekodi ya kwanza uliyoimba kwenye simu, daftari la maneno lenye makosa na mistari iliyokatwa, gumzo la WhatsApp na prodyusa, taarifa ya M-Pesa ya malipo ya studio. Usifungue faili za zamani na kuzihifadhi upya, maana tarehe hubadilika. Zinakili zikiwa zimefungwa kwenye diski mbili na moja umpe mtu mwingine. Ile mbinu ya kujitumia bahasha kwa posta na kuiacha bila kufunguliwa bado inasimuliwa River Road. Ni duni kuliko faili la mradi, na bahasha huweza kutumwa wazi ikafungwa baadaye.

Haya yote ni ya kielektroniki, kwa hiyo yanahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Cheti hicho hutaja nyaraka ni ipi, ilitolewaje, kwa kifaa gani, nacho hutiwa sahihi na mhusika wa kifaa hicho. Ni ukurasa mmoja. Video nzuri imewahi kupingwa kwa kukosa ukurasa huo, na lawama humwangukia mdai aliyefuta simu au kuiuza. Itunze simu iliyorekodi mpaka kesi iishe.

Usajili KECOBO

Usajili hauleti hakimiliki, na kutosajili hakukuzuii kudai. Hata hivyo sajili, hata kama mgogoro umeshaanza, kwa sababu cheti ni ushahidi wa awali unaomlazimisha mwenzako athibitishe kinyume. Hufanyika mtandaoni kupitia Sajili ya Taifa ya Haki: fungua akaunti, pakia kazi, jaza waandishi na asilimia, lipa ikiwa skrini inadai malipo, pakua cheti. Panapoharibika ni kwenye majina. Ukiandika jina la kisanii pekee, au ukimwacha mtunzi mwenza kwa hasira, cheti chako kinakuwa silaha ya adui. Cheti kilichopatikana baada ya tangazo kutoka nacho hakina uzito wa kile cha miaka mitatu nyuma, hata kama kinafanana.

Kuondoa kazi mtandaoni

Una njia mbili, na zinaweza kwenda pamoja.

Ya kwanza ni fomu za majukwaa yenyewe. Kwenye YouTube tofautisha dai la Content ID, mfumo wake unaotambua wenyewe kazi zenye hakimiliki, na ombi la kuondoa video. Dai la Content ID huelekeza mapato kwako au kuzuia video, na aliyepakia akilipinga una siku 30 za kujibu. Ombi la kuondoa ni zito zaidi: humpa mwenye chaneli onyo la hakimiliki, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli yake. Unaweza pia kuchagua ombi lenye muda, linalompa mhusika siku 7 atoe mwenyewe. Akituma ilani ya kupinga, una siku 10 za kazi kuonyesha kwamba umechukua hatua ya kisheria, la sivyo video inarudi. Ndiyo maana usilitume kabla ya kujua kama uko tayari kwenda mahakamani.

Ya pili ni ilani ya kuondoa chini ya kifungu cha 35B cha sheria yetu, iliyoongezwa mwaka 2019, inayotumwa kwa mtoa huduma za intaneti. Iwe ya maandishi na yenye sahihi, ieleze kazi yako na maudhui yanayolalamikiwa, itaje mahali hasa yalipo, itoe anwani yako, iambatane na hati ya kiapo kuhusu umiliki na nia njema, na nakala ziende KECOBO na Mamlaka ya Mawasiliano. Mtoa huduma anapaswa kufunga maudhui ndani ya saa 48 za kazi asipopokea ilani ya kupinga. Kutuma ilani ya uongo ni kosa la jinai. Prodyusa anayeifuta albamu nzima mtandaoni kwa sababu ya deni la saa mbili za studio anacheza na moto.

Barua ya madai

Usiiruke. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai zinataka nakala ya madai ya awali iambatane na kesi, na usipotoa ilani ya kushtaki kisha mdaiwa akalipa mapema, unaweza kukosa gharama za wakili. Iwe fupi. Mfano:

"Kwa Mkurugenzi Mkuu,

YAH: MATUMIZI YA WIMBO (JINA) BILA IDHINI

1. Mimi ni mtunzi wa maneno na melodia na mmiliki wa rekodi ya wimbo uliotajwa. Cheti cha KECOBO kimeambatishwa.

2. Tarehe (…) kampuni yenu ilichapisha tangazo la sekunde 45 katika (anwani kamili). Sekunde ya 8 hadi ya 33 ya tangazo hilo ni kiitikio changu kama kilivyo kwenye rekodi, 0:52 hadi 1:17.

3. Sijatoa leseni kwenu wala kwa wakala wenu.

4. Ndani ya siku 14: (a) ondoeni tangazo kila mahali, (b) nipeni orodha ya vituo, kurasa na tarehe zote lilikotokea, (c) nilipeni shilingi 600,000, (d) nipeni ahadi iliyotiwa sahihi kuwa halitatumika tena.

5. Msipotekeleza, nitafungua kesi bila ilani nyingine, na gharama zitakuwa juu yenu."

Kipengele cha 4(b) ndicho wengi husahau, na ndicho kinachofungua hesabu. Itume pia kwa wakala wa matangazo, kwa sababu kampuni ya unga itasema iliuziwa tangazo likiwa tayari. Ipeleke kwa mkono, upate muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako, kisha tuma kwa barua pepe. Mazungumzo ya kupatana yakianza, andika juu ya kila ofa "bila kuathiri haki", ili kiasi ulichokuwa tayari kukipokea kisije kusomwa mahakamani.

Na hiyo 600,000 imetoka wapi? Isiwe namba ya hasira. Mahakama inaweza kutoa fidia, kuamuru hesabu ya faida, au kutoa mrabaha wa kuridhisha, yaani kile ambacho leseni halali ingegharimu. Kwa hiyo anza na ankara zako. Tuseme uliwahi kutoza 200,000 kwa tangazo la mtandaoni la miezi mitatu, na 400,000 kwa televisheni kwa muda uleule. Hapo una msingi. Kisha gawa. Kama nusu ya leseni ni ya utunzi na nusu ya rekodi, nawe una asilimia 50 ya utunzi pekee, dai lako ni 150,000, si 600,000. Anayedai milioni tano bila ankara hata moja huishia kujibiwa na kimya. Kama hujawahi kuuza leseni, omba nukuu ya maandishi kutoka kwa mchapishaji wa muziki au wakala wa matangazo kwa wimbo wa hadhi yako.

Ukigundua pia kwamba wimbo wako umekuwa mlio wa kusubiri kwenye simu, marekebisho ya mwaka 2022 yanampa mwenye kazi si chini ya asilimia 52 ya mapato, kampuni ya simu 39.5 na mtoa huduma wa kati 8.5. Dai taarifa ya mauzo ya kila robo mwaka kutoka kwa huyo wa kati, kwa sababu upungufu mwingi hujificha huko.

Mlango upi sasa?

Mpatanishi kwanza, kama mdaiwa anajibu. KECOBO huwakutanisha wagombanao, na wakaguzi wake wanaweza kushughulikia uharamia unaofikia jinai, kama vile nakala zinazouzwa wazi. Baraza la Hakimiliki lililoundwa kisheria ni la migogoro ya leseni na vyama vya mirabaha. Kampuni ya unga iliyochukua kiitikio chako haishtakiwi huko.

Mgogoro ukiwa ni wa pesa za huduma tu, mathalani umechora, umerekodi au umetumbuiza harusi na hukulipwa, Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani hupokea madai ya hadi shilingi milioni 1, unaweza kujiwakilisha, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Tumia mlango huo kwa deni, usiupakie hoja za nani mtunzi.

Uvunjaji wa hakimiliki wenyewe huenda kwa hakimu au Mahakama Kuu. Hakimu mkuu anaweza kusikiza madai ya hadi shilingi milioni 20. Kitengo cha Biashara na Kodi cha Mahakama Kuu, Milimani, ndicho hupokea makubwa. Kesi hufunguliwa mtandaoni, Nairobi ikiwa kwenye mfumo huo tangu Julai 2020. Pakia hati ya madai, hati ya kiapo inayoithibitisha, orodha ya mashahidi, maelezo yao yaliyotiwa sahihi, na vielelezo vikiwa na nambari za kurasa. Kesi nyingi za wasanii hukwama kwenye maelezo ya shahidi, kwa sababu prodyusa aliyeahidi kutoa ushahidi amesafiri Mombasa na hapokei simu. Mwandikishe mapema.

Ukitaka tangazo lisimamishwe mara moja, omba amri ya zuio ya muda kwa cheti cha dharura. Tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973, majaji hupima mambo matatu: una kesi yenye msingi unaoonekana tangu mwanzo, utapata madhara ambayo pesa haziwezi kufidia, na mizani ya usumbufu imeelemea wapi. La pili ndilo gumu. Kama barua yako ilidai 600,000 na kusema mambo yaishe, jaji atauliza kwa nini pesa hazitoshi. Jibu liwe tayari: wimbo umefungwa kwa mkataba wa kipekee na mtu mwingine, au tangazo ni la pombe na wewe ni mwimbaji wa injili, kwa hiyo linakuharibia jina. Zuio linalotolewa bila kumsikiza mwenzako halizidi siku 14, na litumwe kwake ndani ya siku 3. Ukikaa miezi minne ukilalamika mtandaoni kisha ukaomba "dharura", jibu unalijua.

Kuna pia amri ya upekuzi, ile ya Anton Piller, ya kuingia studio au duka na kuhifadhi ushahidi kabla haujafichwa. Ni ghali, hutolewa kwa nadra, nayo huhitaji ushahidi wa wazi kwamba vitu vitaharibiwa.

Usipitishe muda. Madai ya mkataba yana miaka 6, na ya madhara nje ya mkataba yana miaka 3.

Kama wewe ndiye unayelaumiwa

Usifute kitu. Toa kazi mtandaoni ukihifadhi nakala, kisha jibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa, hata kama jibu ni "tunachunguza". Tafuta leseni ya biti. Ukiwa uliikodi kwenye tovuti ya biti za bei nafuu, soma kikomo chake: nyingi huruhusu idadi fulani ya usikilizaji, na biti ileile wameshaikodisha wengine kumi, ndiyo maana Content ID inakudai wewe. Kisingizio cha "nimetumia sekunde saba tu" hakimo katika sheria, kinachopimwa ni kama kilichochukuliwa ni sehemu muhimu. Matumizi ya haki ya Kenya yanahusu utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti habari, huku chanzo kikitajwa, kwa hiyo hoja za Kimarekani ulizosikia kwenye video huenda zisikusaidie Milimani.

Mkipatana

Usitoke kwenye meza na salamu. Hati ya makubaliano itaje kazi, matumizi yanayoruhusiwa au kukatazwa, muda, nchi, kiasi, tarehe za malipo, na jina lako litakavyoandikwa kwenye orodha ya walioshiriki. Kama kesi ilishafunguliwa, makubaliano yaandikwe kama amri ya mahakama kabla ya kuiondoa, maana mdaiwa anayelipa kwa awamu huchoka kwenye awamu ya pili. Weka sharti kwamba awamu moja ikikosekana, salio lote linadaiwa siku hiyo. Kwa sehemu iliyo mrabaha, mkaazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio: katika 600,000 utapokea 570,000, na zile 30,000 zinapaswa kuonekana kwenye iTax yako. Dai cheti chake kabla ya kusaini risiti ya mwisho.